Kamati ya mtaa Dodoma: tuanzie wapi kupunguza madhara ya pombe na unga?

mjumbe_mtaa:
Wakuu, salaam. Kamati yetu iko pembezoni mwa jiji la Dodoma. Mavuno ya mtama yakiingia, komoni (pombe ya kienyeji) inashuka bei na vilabu vinajaa tangu asubuhi. Gongo inauzwa kwa kificho kwenye chupa za maji, na baadhi ya vijana wa kijiweni wameingia kwenye unga (heroini). Tuna shilingi 350,000. Wengine wanataka bonanza lenye mgeni rasmi, wengine wanataka tutunge sheria ndogo ya kufunga vilabu hadi jioni. Tufanye lipi?

ustawi_kati:
Mkuu, hela isitoke kwanza. Chukueni wiki mbili, watu wawiliwawili, mpite saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, siku za kawaida na siku ya mnada. Andikeni idadi ya wanywaji, ugomvi, na watoto waliotumwa na dumu kununua pombe. Majina ya wanywaji msiandike kabisa, maana daftari hilo likifika polisi hakuna atakayewafungulia mlango tena. Kituo cha afya nacho kiombeni idadi ya majeruhi kwa siku na saa, bila majina. Mtajua ni klabu gani na saa zipi zinazoleta vurugu, na kazi ianzie hapo.

Kuhusu sheria ndogo: mtaa hauna mamlaka hayo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga na kuipeleka wilayani ikathibitishwe, lakini mjini ni kazi ya halmashauri ya jiji. Na hamuihitaji kwa sasa. Leseni za vileo zina saa zake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Simamieni hizo.

Kabla ya mgambo, kaeni na mama wapishi wa pombe. Ada za shule zinatoka kwenye pipa lile, kwa hiyo ukilimwaga bila kumpa njia nyingine, atapikia uani usiku. Mwiteni afisa maendeleo ya jamii wa kata aeleze mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) na awasaidie kusajili kikundi.

nesi_dom:
Naomba hili lisisahaulike: msimshike mnywaji wa kila siku na kumwapisha aache leo hii. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla, mikono inatetemeka na jasho linatoka ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kwa hatari mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Anayeamka akitetemeka mpaka anywe, au aliyewahi kupata degedege akiacha, aanzie hospitali. Huko anapewa diazepam kwa uangalizi na vitamini B1. Akifungiwa ndani aombewe, anaweza kufa.

Gongo nayo: watu wanaiwasha, ikitoa moto wa bluu wanasema ni safi. Methanoli, aina ya pombe yenye sumu, nayo inawaka bluu! Dalili zake huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa, tumbo, kuona ukungu, kuhema kwa kasi. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Msisubiri "alale iishe", wala msimtapishe. Mpelekeni hospitali na chupa aliyonywea, kisha watafuteni wote waliokunywa naye, hata wanaojisikia wazima.

mjumbe_mtaa:
Asante sana dada. Na hao wa unga?

kazi_na_vijana:
Kuna kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini) Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Dawa inanywewa palepale mbele ya mhudumu, kila siku, na kinachowatoa wengi ni nauli. Hela yenu ikiwalipia vijana wawili nauli kwa wiki za mwanzo, itafanya kazi kuliko turubai na spika. Ushauri wa bure: Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 119.

Wafundisheni bodaboda wa kijiweni dalili za aliyezidisha unga: mboni ndogo kama ncha ya sindano, kukoroma, pumzi za kuhesabika, midomo ya bluu. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, yataingia kwenye mapafu. Pumzi ikiwa dhaifu mno, mpulizieni mdomoni. Akiwa anapumua vizuri, mlazeni ubavu. Yote hayo huku usafiri unatafutwa. Hatari kubwa ni kwa aliyetoka gerezani au soba (nyumba ya kuachia unga): mwili umeshasahau, kete ileile ya zamani inamuua.

ustawi_kati:
Niongeze kuhusu bonanza. Miongozo ya kimataifa ya kinga iliyotolewa na UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) na WHO (shirika la afya duniani) mwaka 2018 haikuona matokeo kwenye hotuba za kutisha wala kumpandisha mraibu wa zamani jukwaani atoe ushuhuda tu. Mpira wenyewe si mbaya. Ufanyeni ligi, Ijumaa na Jumamosi saa 11 jioni, saa zile klabu inapojaa, na msikubali jezi za kampuni ya bia.