Gunia la mkaa halifiki wiki tatu, mnafanyaje?

Mama Zuhura, Bombo: Wenzangu, tuko sita nyumbani na mkaa unaisha mbio. Tangu 2023, serikali ilipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, bei imenikaa kooni. Umeme nao naogopa, yaka, ule umeme wa kulipia kabla, inakwisha nikitazama. Maharage ndiyo yananimaliza: saa tatu kwenye sigiri!

Fundi wa Jinja: Unayaloweka usiku, dada? Anzia hapo.

Hajati, Kisenyi: Kikapu, mwanangu. Changu nimekitandika majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu. Maharage niliyoloweka yakishachemka kwa nguvu nusu saa, naepua, nafukia sufuria humo na mfuniko wake, naenda zangu sokoni. Nikirudi yameiva, namalizia kitunguu tu. Mzee alinicheka, eti naatamia mayai. Sasa gunia linafika mwezi na ushee, na kicheko kimekwisha. Ila usifunue kuchungulia!

Kijana wa Arua: Vumbi la mkaa usitupe. Changanya na uji mzito wa muhogo, finyanga madonge, anika mpaka yakauke kabisa. Yangu ya kwanza yalivunjika yote, uji ulikuwa mwepesi. Madonge hayawaki haraka, lakini kwa kwato za ng'ombe hayana mpinzani.

Mama Zuhura, Bombo: Vumbi nimekuwa nikimwaga shimoni miaka yote, jamani! Kikapu ninacho, kile cha harusi. Hajati, nyama pia inakubali?

Hajati, Kisenyi: Inakubali, ila ichemshe tena kabla ya kupakua.