Kumpeleka mzee kuona magofu ya Engaruka, kwenda na kurudi siku moja kutoka Arusha inawezekana?

Mkazi_Ngaramtoni: Wakuu habari zenu. Nataka Jumamosi nimpeleke baba Engaruka akaone yale magofu ya mawe, zamani alikuwa anapita na lori kwenda Ziwa Natron kila mara anayaona kwa mbali ila hajawahi kushuka na hiyo kitu bado inamkaa moyoni. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Kuna kupanda sana? Na siku moja inatosha?

Dereva_Kaskazini: Inatosha mkuu ila mtoke saa kumi na moja alfajiri. Lami Makuyuni mpaka Mto wa Mbu, hapo mnakata kulia njia ya Natron, kama kilomita 60 hivi. Kipindi cha masika usijaribu na gari ndogo, makorongo yanajaa maji ghafla hata kama hapo ulipo hakuna mvua. Kuhusu magoti, vijiji vya kale viko saba vimepangwa kwenye mteremko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, huko juu mawe yanateleza asipande. Mashamba ya kale yako chini tambarare, huko atatembea vizuri tu, mwende asubuhi maana mchana jua la kule aisee.

Mama_Kihamba: Mimi nilienda nikitokea Moshi na naomba mzee aambiwe mapema asitegemee kuta ndefu au minara. Utakachoona ni majukwaa ya mawe walipojenga nyumba zao, matuta ya mashamba na mifereji, na ukishaelewa unachotazama utashangaa, kama hekta 2,000 zilimwagiliwa kwa maji yanayoshuka toka nyanda za juu za Ngorongoro, kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18 watu walipohama. Walilima mtama na kufuga. Sisi Wachaga tumekua na mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, kusafisha mfongo tunajua ni kazi ya ukoo mzima, kwahiyo niliposimama pale kwenye mfereji uliopangwa mawe kwa mkono nilikaa kimya muda mrefu. Mtaalamu wa mambo ya kale Louis Leakey alifika kuchunguza 1935, na wataalamu wengi wanahusisha watu wale na kabila la Wasonjo ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji.

Mkazi_Ngaramtoni: Asante sana mama, nilikuwa najua ni Wamaasai waliojenga. Mwongozaji tunampata wapi?

Dereva_Kaskazini: Anzieni ofisi ya kijiji, mtalipia kiingilio na mtapewa kijana wa palepale. Msiende wenyewe, bila mtu wa kuwaonyesha mtakanyaga mfereji mkidhani ni rundo la mawe tu.

Mama_Kihamba: Na tafadhali msihamishe jiwe hata moja, nilikuta sehemu matuta yamebomolewa mawe yakajengewa zizi, iliniuma. Mbebee mzee kiti cha kukunja, akae pale kwenye mashamba atazame ule mteremko kwa utulivu.

Mkazi_Ngaramtoni: Kiti ninacho. Namwambia leo jioni.