Watoto 87, mipira miwili: nataka kufanya risechi ya somo la michezo, nianzie wapi?

mwl_wa_vumbi:
Habari za humu wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa, Darasa la 5. Nilicheza winga kidogo nikiwa chuo cha ualimu, basi nilivyoripoti tu kazini nikakabidhiwa filimbi, ndo nikawa mwalimu wa michezo hivyo. Sasa hivi nasoma digrii kwa njia ya masafa na nimefika kwenye risechi ya mwisho. Nimechagua ufundishaji wa michezo shuleni kwetu.

Hali yenyewe: mikondo miwili imeunganishwa maana walimu hatutoshi, kwahiyo natoka na watoto 87 kwa kipindi cha dakika 40, mipira miwili, mmoja umeota nundu na ukiujaza upepo asubuhi mchana umeshalala. Zamani watoto wangejisukia chandimu zao, ila tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku 2019 hata chandimu siku hizi inabidi usake soksi na matambara.

Msimamizi anataka nigawe dodoso, kichwa kiwe changamoto zinazokabili ufundishaji wa michezo. Wakuu, majibu ninayo kabla sijachapa hata karatasi moja: vifaa hamna, uwanja ni wa mawe, walimu hawajasomea, kipindi kinamezwa na hisabati. Halafu sura ya 5 nipendekeze serikali iongeze vifaa, nivae joho, nirudi kwa walewale 87. Mimi nataka kitu kitakachonisaidia Jumatano saa 5 asubuhi nikiwa pale uwanjani. Aliyewahi kufanya utafiti wa aina hiyo anipe mwanga.

kocha_mstaafu:
Mkuu achana na dodoso kwa watoto wa la 5. Ukimuuliza mtoto kama anapenda kipindi cha michezo na wewe ndo mwalimu wake umesimama hapo na filimbi shingoni, wote watakuwekea tiki kwenye "napenda sana", hutapata kitu.

Wenzetu walishakutana na hiyo shida zamani. Kuna njia inaitwa SOFIT, ilitolewa na kina McKenzie kule Marekani 1991, na haihitaji mashine. Unahitaji saa, daftari na mtu wa kukusaidia kuandika. Unachagua watoto wachache bila wao kujua, unamwangalia mmoja sekunde 10, sekunde 10 zinazofuata unaandika alikuwa anafanya nini: 1 amelala, 2 amekaa, 3 amesimama, 4 anatembea, 5 anahangaika hasa, anakimbia au anaruka. Ukimaliza dakika zake unahamia kwa mwingine. Pembeni unaandika pia mwalimu alikuwa anafanya nini muda huohuo. Mwisho unajumlisha 4 na 5, na kipimo wanachokitaja wengi ni kwamba angalau nusu ya kipindi mtoto awe kwenye hizo mbili. WHO, shirika la afya duniani, wanataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kushughulisha mwili kwa siku, sasa jiulize kipindi chako kinachangia ngapi.

Nakutahadharisha tu: utakayemuona vibaya kwenye hilo daftari ni wewe mwenyewe. Mimi nilipopimwa mara ya kwanza nilinuna siku mbili.

Benchi_la_Ufundi:
Hahaha sekunde 10 sekunde 10, mtoto keshafunga goli wewe bado unaandika "4". Jamani makocha wa kweli hawakutoka kwenye madaftari. Yule bruda Colm O'Connell wa Ireland alifika Iten kule Kenya 1976 kufundisha jiografia shule ya St Patrick's, mbio alikuwa hazijui kabisa, na mikononi mwake kapita Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 pale London 2012. Mleta mada tafuta watoto 15 wenye vipaji, wapige tizi mpaka jioni, ulete kombe la UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, mwalimu mkuu mwenyewe atakununulia mipira. Risechi utaandika ukishashinda.

Eldy_wa_PE:
@Benchi_la_Ufundi niko hapa Uasin Gishu, Iten si mbali na kwetu, wacha nikusahihishe kidogo. Bruda alikuwa na vijana waliochaguliwa tayari, anakaa nao, anawaona asubuhi na jioni. Huyu mwalimu ako na watoto 87 ambao hawakuchaguliwa na mtu na wote wako kwa ratiba. Hiyo ni kazi tofauti kabisa. Timu ni timu na somo ni somo, na hapo ndio shule zetu huwa zinakoroga mambo. Wale 15 wanacheza, wale 72 wanabeba maji na kushangilia, halafu kwa rekodi ya kazi tunaandika darasa lote limefundishwa.

Na hata hao 15 mnaowachagua, angalia vizuri. Kuna Mkanada anaitwa Barnsley, 1985 yeye na wenzake waliangalia tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki ya barafu wakapata waliozaliwa Januari hadi Machi wamejaa ajabu, juu vijana walikuwa wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa na wa Januari huwa ameshamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua. Kocha anaona kipaji kumbe ni umri. Sasa kwetu ambapo mtoto wa miaka 11 na wa 14 wanakaa dawati moja, si hiyo ni mara tatu yake? Mwalimu hiyo peke yake ni risechi tosha, chukua rejista ya darasa uilinganishe na listi ya timu.

mwl_wa_vumbi:
Aisee hiyo ya rejista imenigusa. Kepteni wa timu yetu ana sauti ya baba mwenye nyumba. Naendelea kusoma wakuu, leteni.

mama_nage:
Assalaam alaykum. Mimi nafundisha netiboli skuli moja ya Unguja, mwaka wa 16 huu. Nachangia mawili tu.

Kwanza mwalimu kwenye huo utafiti usisahau kuhesabu wasichana na wavulana mbalimbali. Ukichanganya wote utapata wastani mzuri na utalala usingizi, kumbe wavulana wanakimbia kipindi kizima na wasichana nusu wamekaa chini ya mwembe. Na ukiwaona chini ya mwembe usiandike "hawapendi michezo". Kaa nao uwaulize, tena bora amuulize mwalimu wa kike. Mimi nilikuwa na mtoto kila Jumanne anaumwa tumbo, nikamuona mvivu. Siku moja nikamkuta anaicheza nage nyuma ya ukuta wa skuli, anaruka kama panzi, mpira haumpati. Kumbe tatizo lilikuwa sketi, ilikuwa na zipu mbovu imeshikwa kwa pini, na uwanjani mbele ya wavulana hathubutu. Tukampa suruali ya kuvaa ndani ya juba, tumbo likapona siku hiyohiyo.

La pili ni mdomo wetu makocha. Marekani kina Smith na Smoll walifanya kazi nzuri sana na makocha wa besiboli ya watoto. Wakawafanyia baadhi semina ya masaa mawili na nusu tu: mtoto akifanya vizuri msifu, akikosea mtie moyo na umuelekeze, usimfokee. Utafiti wao uliotoka 1992 ulionyesha kwenye timu za makocha wasiopata semina watoto 26 katika 100 hawakurudi msimu wa pili, na za waliopata ni 5 katika 100. Na kushinda mechi walishinda sawasawa tu, kwahiyo anayesema ukali ndio unaleta vikombe atwambie kaona wapi. Mimi nilikuwa namwita mtoto "gunia" mbele ya wenzake. Nimeacha.

Benchi_la_Ufundi:
Dada hilo la sketi sikuwahi kuliwaza, nakubali. Ila kwenye kufoka bado sijashawishika, besiboli ya watoto wa Marekani na Darasa la 7 huku kwetu wapi na wapi.

mama_nage:
Ndio maana anataka kufanya utafiti wa huku kwetu kaka yangu.

mwl_wa_vumbi:
Wakuu nimerudi, Jumatano nimejaribu. Mwalimu mwenzangu wa sayansi ndo kanishikia saa, akaangalia watoto wanne, wawili wa kiume wawili wa kike. Nawapa yaliyotoka japo yananitia aibu.

Dakika 6 zimeishia kutoka darasani na kupanga mistari. Dakika 11 nimeongea mimi. Mimi nilikuwa na hakika nimeongea tatu! Nilikuwa naeleza pasi ya kifua, nikaonyesha, nikarudia, nikamgombeza mmoja wa nyuma anayecheka, nikarudia tena. Halafu nikapanga foleni mbili, kila foleni na mpira wake, mtoto anarusha anakwenda nyuma. Yule binti wa tatu kwenye daftari kaugusa mpira mara mbili kipindi kizima. Mara mbili! Muda wake mwingine ni 3, 3, 3, kasimama, kuna mahali mwenzangu kaandika pembeni "anasuka nywele za wa mbele yake".

Mimi siku zote nimekuwa nikilalamika mipira, na kweli haitoshi, ila foleni ya watu 40 nimeipanga mwenyewe.

kocha_mstaafu:
Umenuna?

mwl_wa_vumbi:
Nimenuna mkuu 😂

kocha_mstaafu:
Karibu chamani. Sasa hapo ndo risechi yako inaanza, maana una hali ya kabla. Bunker na Thorpe wa Loughborough kule Uingereza waliandika 1982 kuhusu kitu hichohicho, watoto wanafundishwa ufundi kwenye mistari muda wote halafu mechi inakuja mwishoni na wala hawajui kwanini walikuwa wanarusha vile. Wakageuza, anza na mchezo mdogo uliorahisishwa, mtoto akwame kwanza, akishakwama ndo umfundishe hiyo pasi, ataisikiliza maana ameshaona anaihitaji.

Kwa hao 87 wako fanya hivi: gawa vikundi kama 10, viwili vipate mipira halisi, vingine wacheze rede, ule wa kukwepa mpira, kwa mipira ya soksi, vingine kupokezana vijiti, vijiti viko kwenye miti hapo nje havinunuliwi. Filimbi kila baada ya dakika 6 wanahama. Maelezo dakika moja na nusu, mpe mtoto akushikie saa na akupigie kelele ukizidisha, watafurahi hiyo kazi mpaka utashangaa. Fanya wiki 6, mpime watoto walewale kwa njia ileile. Msimamizi ukimpelekea namba za kabla na baada sidhani kama ataulizia dodoso, na akiulizia mpe moja fupi la walimu aridhike.

Na ruhusa ya wazazi na ya mwalimu mkuu uwe nayo kwa maandishi, majina ya watoto usiyaandike popote, weka namba.

mwl_wa_vumbi:
Nimepata. Mwalimu mkuu kakubali ila kaniuliza kama hii haitaharibu maandalizi ya UMITASHUMTA, nikamwambia timu itafanya mazoezi jioni kama kawaida, kipindi ni cha darasa. Kaguna.

Soksi tumekusanya 31 mpaka leo, nyingi hazina wenzake. Yule binti wa mara mbili ndo nimempa kushika saa, kaomba kama akimaliza zamu yake naye atacheza.

Eldy_wa_PE:
Atacheza bana. Usisahau kumwandika.