Wahandisi, msilipe ada ya masta kabla hamjauliza kama ina tasnifu. Mimi nimeliwa miaka miwili

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nivumilieni.

Mimi ni mhandisi ujenzi, niko Dodoma tangu serikali ianze kuhamia huku. Nimesimamia zege Mtumba, jua la Oktoba mnalijua. Masta niliitaka kwa sababu moja tu: nifike PhD, nifanye utafiti wa udongo wetu mweusi wa mbuga. Udongo huu ukinyeshewa unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka, na nyumba za watu zinapasuka nao. Nimeona kuta za mwaka mmoja unapitisha kiganja kwenye ufa.

Nilipofika chuoni nikakuta njia tatu: stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja, masta ya koswaki, yaani ya vipindi vya darasani na mradi mdogo mwishoni, na masta ya tasnifu, yaani unaandika andiko refu la utafiti wako mwenyewe. Nikamuuliza ofisa udahili kwa mdomo wangu: nikitaka PhD baadaye nichukue ipi? Akajibu bila kuinua kichwa, "Kaka, masta ni masta. Wewe umeajiriwa, chukua ya koswaki, vipindi jioni." Nikamwamini, maana ndiye aliyewekwa pale kujua.

Miaka miwili natoka saiti saa kumi na moja, naingia darasani na saruji kwenye viatu. Mzee aliuza ng'ombe wanne kule Mvumi nimalizie ada. Mwezi uliopita naomba PhD, najibiwa kwa mstari mmoja: masta yako haina tasnifu, anza na masta ya utafiti.

Nikarudi kwenye ile ofisi. Eti "ungesoma prospektasi". Nimeisoma yote! Imeandika mpaka ada ya kitambulisho, ila hakuna popote inaposema kwamba njia hii inaishia hapa.

Na siko peke yangu. Dada mmoja wa saiti kwetu alisomea stashahada ya uzamili akidhani itamharakishia usajili ERB, ile Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Usajili wa mhandisi mtaalamu unadai digrii ya kwanza ya uhandisi na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu, hiyo stashahada wala si sharti. Hakuna aliyemwambia. Kijana mwingine alitaka kutuma maombi ya MEng (masta ya uhandisi) Uingereza akijua ni masta kama za kwetu. Kule MEng kwa kawaida ni digrii ya kwanza iliyorefushwa, mtu anaianza akitoka sekondari, miaka minne. Hapa kwetu mtu anaisoma akiwa na digrii tayari. Herufi zilezile, na yule alikuwa ameshaanza kutafuta nauli.

Ninachodai ni kidogo. Kwenye fomu ya maombi, kila kozi iandikwe ina tasnifu au haina, na inampeleka mtu PhD au haimpeleki. Mistari miwili, basi. Malalamiko nimeshayaandika, nakala inakwenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Kabla sijaipeleka barua Jumatatu: kuna aliyepokelewa PhD akiwa na masta ya koswaki? Aliongezewa somo la mbinu za utafiti, au alipeleka makala aliyochapisha? Aje aniambie alipitaje, hata inbox. Mzee amebaki na ng'ombe wawili, na hao sitamwomba.