Dokta kaniwakia mbele ya ndugu wa mgonjwa, nimripoti au nimeze?

Nesi_Kirumba: Mwangaluka wakuu. Ni muuguzi wodi ya wazazi, hospitali moja hapa Mwanza, jina siitaji. Juzi usiku tulimpokea mama kutoka visiwani, kifafa cha mimba, akaanzishiwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Saa kumi alfajiri dozi inayofuata ikafika. Kabla ya kumchoma nikapima: pumzi 13 kwa dakika, goti nagonga halijibu, mkojo wa saa 4 mililita 70 tu. Nikampigia dokta wa zamu. "Mchome, si imeandikwa?" Akakata. Sikumchoma. Asubuhi kwenye raundi, ndugu wote wanasikiliza: "Siku hizi manesi ndio wanaopanga dawa?" Mama anaendelea vizuri, ila mimi usingizi sina.

Sangara_Mkavu: Meza tu dada. Utajikuta umehamishiwa kisiwani Ukara.

Matroni_Mstaafu: Mwanangu, kuizuia dozi ulikuwa sahihi. Pumzi chini ya 16, goti kimya, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa: hizo ni dalili magnesiamu inazidi mwilini, kimoja tu kinatosha kusimamisha, wewe ulikuwa navyo vyote vitatu. Ila kwenye simu ulimwambiaje? Na simu yenyewe uliiandika kwenye faili?

Nesi_Kirumba: Nilisema "dokta, yule mama simwelewi, naona tusubiri." Vipimo niliandika, simu hapana.

Matroni_Mstaafu: Ndiyo hapo. Mtu umemtoa usingizini, "simwelewi" haimwambii kitu. Anza na mgonjwa ni nani, kapewa nini saa ngapi, kisha namba zako tatu, kisha ombi: "Nimesimamisha dozi, kalsiamu gluconate ya kupoza magnesiamu ninayo mkononi, njoo umwone." Akikata, piga kwa mkubwa wake. Simu iandike leo kwa tarehe ya leo, usirudishe nyuma. Halafu mfuate huyo dokta mkiwa wawili tu. Mpelekee matroni wako maelezo kwa maandishi pia.

Intern_Nyegezi: Nawatetea wenzangu kidogo, huenda alitoka kupasua muda uleule. Kufoka mbele ya ndugu hakuna utetezi lakini. Mimi manesi wameshaniokoa mara mbili, na mwaka haujaisha.

Nesi_Kirumba: Mrejesho. Nimemfuata mchana kantini, nikamtajia zile namba. Kanyamaza, kisha kauliza goti niligonga na nini. Nikamwambia ukingo wa kiganja, nyundo wodini hatuna. Radhi hakuomba. Matroni, maelezo bado niyapeleke?

Matroni_Mstaafu: Yapeleke. Na la nyundo uliandike humo humo.