Mrejesho: kumrekodi mama shambani kwa mwani

Wakuu, miezi miwili iliyopita niliuliza jinsi ya kumrekodi mama yangu, mkulima wa mwani Jambiani, Zanzibar, kwa simu tu, maana rekodi ya kwanza ilikuwa upepo mtupu. Naleta mrejesho.

Ile soksi mliyonishauri imefanya kazi! Niliivalisha simu soksi nzito, nikaupa mgongo upepo wa kusi, sauti ikatulia. Na wewe uliyesema nimfuate kazini badala ya kumkalisha sebuleni, Mungu akubariki. Sebuleni alikuwa anaongea kama msoma taarifa ya habari. Tulipoingia pwani wakati wa bamvua, siku maji yanapokupwa sana, maji yamekupwa hadi chini ya magoti, aliisahau simu kabisa. Anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba inalia kwenye kigingi, huku ananieleza kwamba zamani kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ilistawi palepale. Siku hizi maji yakipata moto inageuka nyeupe na kukatika, hivyo wamebaki na spinosamu, aina nyingine ambayo bei yake ni ndogo. Kisha kimya, halafu: "Bahari ina homa, mwanangu." Sikumuuliza, kasema mwenyewe.

Kosa langu: sikurekodi dakika mbili za sauti ya bahari peke yake kama mlivyonielekeza, nikakosa cha kufunika maungio, nikakwama kwenye kuunganisha vipande vya rekodi. Ikabidi nisubiri bamvua lililofuata.

Sasa nina dakika 11. Mama kasikiliza mara mbili, analalamikia jambo moja tu: nimeacha pale anapomtukana kaa aliyembana kidole. Hapo sikati.