Bunduki ndogo ya kukunjwa kwa mtu wa Dar mwenye kazi za porini Liwale: nichukue ipi?

Mpima_Mipaka:

Wakuu salaam. Naomba mawazo ya wanaojua silaha, siyo wanaojua sinema.

Mimi ni mpima ardhi, makazi yangu Tabata Segerea, lakini kiangazi karibu chote nakuwa Lindi ndani ndani huko, hasa Liwale. Ukishaacha lami pale Nangurukuru simu inaanza kusumbua, na kuna siku tunatembea kutoka bikoni (nguzo ya mpaka) hadi bikoni tangu asubuhi bila kukutana na mtu. Upande mmoja mto Matandu, upande mwingine pori la akiba la Selous. Gari likizama kwenye mchanga tunalala hapo hapo, na chakula ni mihogo na dagaa tuliobeba.

Kaka yangu yuko Marekani. Ananishauri ninunue bunduki ndogo ya kujiokoa porini. Amenitajia tatu, zote pointi tuu tuu, yaani zinazopiga risasi ndogo ya kaliba .22. Ya kwanza Henry AR-7: mtutu, mwili na magazini vyote vinaingia ndani ya kitako, unafunika, na ikidondoka mtoni inaelea. Uzito kilo moja na nusu na kidogo. Ya pili Ruger 10/22 ile inayofunguka vipande viwili ukaweka begani kwenye mkoba. Ya tatu Chiappa Little Badger, inajikunja katikati, kitako chake ni waya tu, risasi unaweka moja moja.

Ninachotaka kujua: ipi inafaa kwa mazingira yetu, inatosha kujilinda, na kibali kinapatikanaje? Hela ipo kama kitu chenyewe kina maana.

Ngedere_wa_Kisarawe:

Mkuu beba gobore. Ukimkosa mnyama unampiga nalo kichwani.

Utani pembeni. Mimi nina shamba huku Maneromango na namiliki shotigani ya mitutu miwili kwa ajili ya nguruwe pori na nyani. Ningekuwa wewe ningechukua hiyo. Marisau madogo unapata kanga anayeruka, risasi nzito unamzuia nguruwe. Pointi tuu tuu kwangu ni bunduki ya kuchezea makopo.

Mzee wa Mpingo:

Mpima Mipaka, nimestaafu idara ya wanyamapori, sasa nafuga kuku Chanika. Huko kusini nimekula vumbi lake. Nitaandika kirefu, asiyetaka apite.

Umechanganya bunduki mbili ndani ya swali moja. Kuna bunduki ya kitoweo na kuna bunduki ya kubaki hai mbele ya mnyama. Hizo tatu za kaka yako zote ni za kitoweo. Ukianzia hapo utachagua vizuri, ukisahau hapo utazikwa na bunduki ya bei mbaya.

Hii kaliba ni ya mwaka 1887, na haijazeeka kwa sababu inajua kazi yake. Kichwa cha risasi hakifiki gramu tatu. Kikitoka mdomoni kwenye mtutu kina nguvu ya joule (kipimo cha nguvu) 190 hivi. Raifo ya 375, ambayo sisi tulikuwa tunaihesabu kuwa ya kuanzia kwa nyati na tembo, inapita joule 5,500. Sasa nyati amekuja na wewe unamjibu kwa 190! Simba utamtia hasira tu. Kanga aliyetulia hatua hamsini, sawa. Sungura, sawa. Kwale, sawa kabisa, na nyama haiharibiki kama ukipiga shingo.

Mwanangu Ngedere kasema shotigani. Kwa shambani sina ubishi naye. Kwa mtu wa miguu nina ubishi. Risasi moja ya shotigani ina uzito wa gramu arobaini na zaidi, kwa hiyo boksi la ishirini na tano tayari ni kilo na ushee. Kilo hiyo hiyo ya pointi tuu tuu ni risasi karibu mia tatu. Mtu anayebeba mashine ya GPS, miguu mitatu ya kuisimamishia, nondo za bikoni na maji yake hawezi kudharau hesabu hiyo. Na usiwadanganye watu kuhusu makopo: risasi hiyo ndogo inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ukiielekeza juu. Huko Liwale nyuma ya kichaka kuna mrina asali.

Haya, zile tatu. Wazo la bunduki hizi lilianzia kwa marubani, siyo kwa wawindaji. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na M6, mtutu wa juu wa risasi ya .22 Hornet na wa chini wa marisau ya kaliba 410, inakunjwa, na badala ya kifyatulio cha kawaida ina bapa refu la kukandamiza ili mtu aliyevaa glavu nene aweze kuifyatua. Baadaye kampuni ya ArmaLite wakatengeneza AR-5 kwa ajili hiyo hiyo, na mwaka 1959 ikatoka AR-7 ya raia. Aliyeibuni ni Eugene Stoner, yule yule wa M16, bunduki ya jeshi la Marekani. Kwa hiyo AR-7 ni bunduki ya mtu ambaye ndege yake imeanguka na hakutarajia kuitumia. Inakaa chini ya kiti miaka, siku moja inatolewa. Wewe ndege yako haijaanguka. Wewe unaenda porini kwa hiari, na mshahara juu.

Ubaya wake kwetu ni kwamba inajikoki yenyewe (ukifyatua, inajipakia risasi nyingine), na bunduki za kujikoki za kaliba hii zinachagua risasi. Zinataka risasi kali. Ukizipa dhaifu, ganda linabanwa mlangoni. Dar hapa huchagui risasi, unapiga unayoikuta dukani, na kibali ndicho kinakwambia uwe nazo ngapi. Halafu vumbi la Liwale mwezi wa tisa unalijua mwenyewe.

Little Badger ni nyepesi hasa, haifiki kilo moja na nusu, na haina cha kuharibika. Lakini kile kitako cha waya, shavu linakaa wapi? Ni silaha ya kufungia kwenye begi, siyo ya kulengea.

Mimi ningetafuta raifo fupi ya kukoki kwa mkono kutoka Ucheki. Wazee wengi waliowahi kuwa na pointi tuu tuu nchi hii walikuwa na Brno, na zipo bado zinazopiga. Siku hizi wanaziita CZ 457, na ipo moja fupi inaitwa Scout. Inakula risasi yoyote, kali au ya polepole. Risasi ya kaliba hii baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na mara nyingine sehemu moja ya ukingo haijapata. Bunduki ikigoma, subiri ukiwa umeelekeza mtutu chini salama, kisha toa risasi, izungushe kidogo, irudishe. Mara nyingi itawaka. Kwa bunduki ya mkono hilo ni jambo la sekunde.

Dada_Shabaha:

Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane kidogo.

Mimi napiga shabaha klabuni na nimeishika Ruger 10/22 ya vipande viwili. Siyo ya kuiweka kapu moja na AR-7. Watu wanaogopa kwamba ukiifungua na kuifunga inapoteza shabaha. Ukiwa na darubini inaweza kuhama, kwa sababu darubini inakaa kwenye mwili na mtutu ni kipande kingine. Lakini ukitumia vilengeo vyake vya chuma, cha mbele na cha nyuma vyote viko kwenye mtutu, vinatembea pamoja. AR-7 ndiyo kilengeo cha nyuma kiko kwenye mwili na cha mbele kiko kwenye mtutu, na ile nati ya kubana mtutu inalegea ukipiga piga. Inabidi uikaze kwa mkono kila mara.

Magazini ya Ruger inayozunguka, ya risasi kumi, sijaona iliyoiva kuliko hiyo. Uzito kilo mbili na kidogo.

Cha pili, Mpima, usiende na bunduki porini kabla hujaipiga sana uwanjani. Ilenge iwe sawa kwa mita hamsini, basi. Ukitaka mita mia risasi imeshaanza kudondoka na upepo wa kusi unaicheza.

Mzee wa Mpingo:

Marahaba mwanangu. La vilengeo umesema kweli, na magazini ile nimeisikia sifa zake. Bado vumbi na risasi za dukani havijabadilika. Lakini akichukua Ruger sitamnunia.

Sasa niseme lile ambalo naona wote mnalikwepa. Kijana, huyo kanga utampiga kwa kibali gani? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haijui habari ya njaa ya mpima ardhi. Kumiliki bunduki siyo kibali cha kuwinda. Askari wakikuta manyoya kwenye kambi yenu, hiyo ni nyara ya serikali, na wewe una bunduki mkononi, utaeleza nini? Nimewahi kuwaandikia watu maelezo ya namna hiyo na walikuwa watu wazuri tu, na kazi zao. Ukiua mnyama kwa kuokoa uhai sheria inakuelewa, ila unatoa taarifa mara moja na mzoga unauacha. Hakuna aliyeokoa uhai wake dhidi ya kwale.

Kwa hiyo ile bunduki ya kitoweo tuliyoisifu hapa juu, kwa kazi yako haina kitoweo cha kupiga kihalali. Mchele kilo tano zaidi kwenye gari ni rahisi.

Mpima_Mipaka:

Shikamoo mzee, asante sana. Dada asante pia.

Hilo la nyara sikulifikiria hivyo. Ila naomba nieleweshwe upande wa kujilinda. Vijana wangu wanaogopa simba kuliko kitu chochote, na wanakijiji wanatusimulia mambo ya kutisha. Ni hadithi tu au?

Mzee wa Mpingo:

Marahaba. Siyo hadithi. Rufiji kati ya 2002 na 2004 kuna simba aliyeua watu zaidi ya thelathini kabla hajapigwa, watu walimpa jina Osama. Na watafiti walipohesabu nchi nzima kuanzia 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 walipata waliouawa na simba zaidi ya 560, wengi wao huku kusini mashariki, Lindi ikiwemo.

Lakini angalieni wanauawa vipi. Nguruwe pori anaingia shambani wakati mahindi na mpunga vinakomaa. Simba anamfuata nguruwe. Mwenye shamba amelala kwenye dungu la majani kumfukuza nguruwe huyo huyo. Wengine wanachukuliwa usiku wakitoka kwenda chooni. Wengi ni usiku, na zaidi ni msimu wa mavuno, wakati wewe unasema unaenda kiangazi. Kwa hiyo kambi yako: hema lenye zipu linalofungwa, siyo turubai wazi. Moto na taa. Hakuna anayetoka peke yake gizani. Mabaki ya chakula mbali na mnapolala. Mchana mkitembea piga kelele za kazi, nyati dume mzee aliyelala kichakani anachukia kushtukizwa kuliko kitu chochote, na huyo ndiye mimi ningemwogopa kabla ya simba.

Na bunduki ya kujilinda ipo, ila isiwe yako. Mwajiri wako aandike barua kwa mkurugenzi wa wilaya, idara ya wanyamapori, aombe askari mwenye silaha aambatane nanyi. Mnamlipa posho. Anakuja na raifo nzito, na anajua lini asipige. Mbele ya tembo hilo la pili ndilo lenye faida.

Ngedere_wa_Kisarawe:

Mzee hapo nimekukubali. Kuhusu kibali nimpe uzoefu wangu: anaanza barua ya serikali ya mtaa, inapanda kata, halafu OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), inaenda kamati za usalama hadi mkoani. Alama za vidole, mafunzo ya silaha, sababu ya kuimiliki, na mahali pa kuihifadhi. Sheria ya 2015 ndiyo inayotumika. Usimpe mtu hela ya "kuharakisha", mimi niliombwa na mtu wa kati nikagoma, na kibali nilipata.

Na mwambie kaka yako asije akaiweka kwenye begi. Kutoka kwao ina kibali chake na kuingia kwetu ina kibali chake. Ikikutwa Uwanja wa Nyerere bila karatasi mtaonana mahakamani.

Mpima_Mipaka:

Nimeelewa. Jumatatu naandika barua ya askari ofisini kwanza. Kibali nitaomba pia lakini kwa ajili ya klabu, nimevutiwa na CZ fupi ya mzee. Dada Shabaha nitakutafuta inboksi kuhusu klabu.

Mzee, swali la mwisho: nikiipata, hali ya hewa ya Dar haitaiua kwa kutu nikiwa kusini miezi miwili?

Mzee wa Mpingo:

Kwanza, ukiwa kusini miezi miwili bunduki haibaki nyumbani na mtoto wa shemeji ana ufunguo. Waulize polisi kituo cha wilaya utaratibu wa kuihifadhi kwao, upewe stakabadhi.

Ikiwa kwako: kabati la chuma lililofungwa ukutani, risasi kabati jingine. Pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ndani ya mtutu na nje kote, usiguse chuma kwa vidole vyenye jasho baada ya hapo. Na usiiweke kwenye ala ya ngozi hata kama ni nzuri namna gani. Ngozi inanyonya unyevu wa bahari na kuushikisha kwenye chuma; utakuta kutu yenye umbo la mshono.